Pesa ya kaboni, ya wageni au ya biashara: kijiji cha Lamu kichague ipi kulinda mikoko na bahari?

Vijiji vya Lamu vinapigiwa hodi. Mmoja anakuja na mkataba wa kaboni wa miaka 20. Mwingine anataka ufuo utengwe kwa ajili ya kasa ili wageni wa hoteli waje kuwatazama wakitaga. Wa tatu anasema yuko tayari kununua pweza na kaa kwa bei nzuri, mradi kamati ikubali kufunga miamba na vijito kwa msimu. Hakuna kati yao anayetumwa na serikali. Ni kampuni, mifuko na matajiri, na kamati za BMU, yaani za wavuvi wanaosimamia fuo, pamoja na vyama vya misitu vinatakiwa kuwajibu, mara nyingi kwa haraka, kwa saini itakayowafunga hata watoto ambao bado hawajazaliwa.

Hodi hizi zina sababu. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 zipatikane angalau dola bilioni 200 kila mwaka kwa ajili ya bayoanuwai, yaani viumbe wa kila aina na makazi yao, na sekta binafsi ikatajwa waziwazi kuwa miongoni mwa watakaochangia. Pesa hizo zinatafuta pa kutua, na Lamu inajulikana: mikoko, matumbawe, majani ya bahari, kasa, na nguva ambao katika maji yote ya Kenya wamebaki wachache mno.

Nimezilinganisha pesa hizo tatu kwa swali moja: mwenye pesa anahesabu nini? Naamini hilo ndilo swali la kuanza nalo barazani, kabla ya kuuliza ni kiasi gani. Anayehesabu tani za kaboni atalinda miti, na nguva anayekula majani ya bahari hatua chache mbele ya miti hiyo hayumo katika hesabu yake. Anayehesabu wageni atalinda kinachoonekana. Anayehesabu kilo za pweza atalinda pweza, na pengine mwamba anamoishi, lakini kasa si shughuli yake. Kijiji kisipojua kinachohesabiwa, kitadhani kimelindiwa vyote.

Pesa ya watu binafsi si ngeni kwetu. Mvuvi wa Lamu amekopeshwa nyavu, mashine na mafuta na tajiri wake tangu zamani, kisha akalipa kwa kumuuzia samaki kwa bei anayoipanga tajiri huyo. Mkata mikoko naye alipewa posho na mwenye leseni kabla ya kuingia vijitoni, na boriti zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Kwa hiyo tunaijua tayari pesa inayotangulizwa na masharti yake. Wageni wa leo wamebadilisha kinachonunuliwa: zamani ilinunuliwa boriti iliyokatwa, leo unanunuliwa mti uliosimama.

Kaboni

Hii ndiyo inayozungumzwa zaidi, na ndiyo yenye mambo mengi ya kuangaliwa.

Mikoko hunyonya hewa ya ukaa na kuifungia kwenye tope, tena sehemu kubwa imo chini, si katika mti wenyewe. Mradi hupima kiasi kilichozuiwa kupotea, mkaguzi huthibitisha, kisha kila tani huuzwa kama hati kwa kampuni au mtu anayetaka kufidia moshi wake. Kenya ina mfano wa kujivunia. Mikoko Pamoja, huko Gazi katika Kaunti ya Kwale, ilianza kuuza mwaka 2013 chini ya Plan Vivo, kiwango cha kimataifa cha kuthibitisha hati za kaboni, kwa msaada wa wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI. Inalinda hekta 117 na huuza kama tani 3,000 kwa mwaka. Mwaka 2017 ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa hekta 460.

Sasa tazama hesabu. Katika miaka ya mwanzo Gazi ilipata kama dola 12,000 kwa mwaka, yaani takriban dola 100 kwa hekta. Lamu ina karibu hekta 37,350 za mikoko, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Zidisha, unapata zaidi ya dola milioni 3.7 kwa mwaka, na hapo ndipo wengi huomba kalamu.

Lakini soko la kaboni halilipi kwa kuwa na miti. Linalipa kwa tofauti: bila mradi ingepotea kiasi gani, na mradi umeokoa kiasi gani. Msitu ambao ungebaki salama hata bila mkataba hauna cha kuuza. Kijiji kilichotunza kijito chake kwa miaka hamsini kinaweza kuambiwa hakistahili, huku jirani aliyekata ovyo akastahili kwa kupanda upya. Nalitaja hili wazi kwa sababu linaumiza, na ni afadhali lisikike barazani kabla ya mkataba kuliko mwaka wa tatu.

Jambo la pili ni ukubwa wa pesa kwa kila mtu. Gazi na jirani yake Makongeni, wanaogawana mradi huo, ni maelfu ya watu. Dola 12,000 zikigawanywa kwa vichwa, kila mmoja anapata thamani ya pakiti mbili tatu za unga. Wazee wa Gazi walifanya busara kutozigawa: waliziweka kwenye maji, vitabu vya shule na ukarabati wa madarasa. Hapo pesa ya kaboni inafaa kweli. Ni pesa ya bomba na darasa, haiwezi kuwa mshahara wa nyumba kwa nyumba, na anayeahidi mshahara kwa kaboni ya mikoko aonyeshe hesabu zake kwenye karatasi.

La tatu ni la Lamu hasa, kwa kuwa sisi tuna wakataji wengi kuliko kaunti yoyote ya pwani. Fito, pau, boriti na nguzo ni riziki ya watu waliosomesha watoto kwa shoka. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini kote, wakataji wa Lamu walijikuta hawana kazi wala njia ya pili. Mkataba wa kaboni usiowataja wakataji kwa jina la kazi yao, usioandika watapata nini, wapi na lini, ni marufuku ile ile iliyovaa kanzu ya biashara. Na watu wakikosa riziki hukata usiku. Mwishowe kijiji kinakosa miti na kinakosa kaboni.

La nne ni mamlaka. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali uliotangazwa tangu 1932, na msimamizi wake ni KFS, shirika la serikali la huduma za misitu. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2016 jamii hushiriki kupitia chama cha msitu kilichosajiliwa, chenye mpango wa usimamizi na makubaliano yaliyosainiwa na KFS. Bila hayo, kijiji hakina cha kuuza, hata kama babu zetu ndio waliokitunza kijito. Atakayekuletea mkataba bila kuulizia makubaliano yako na KFS, ama haijui sheria ama anaijua kupita kiasi.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, imetupa silaha: mradi wa kaboni wa ardhini lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za uendeshaji. Miradi isiyo ya ardhini ni asilimia 25. Soma tena maneno hayo, "baada ya kutoa gharama". Asilimia 40 ya kilichobaki inaweza kuwa kidogo sana ikiwa gharama zinaandikwa na upande mmoja. Dai kikomo cha gharama kiandikwe, na dai iandikwe pia kwamba mradi wa mikoko umewekwa kundi la ardhini.

Tusisahau yaliyotokea kaskazini. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii hazikuundwa kwa kufuata sheria, kwa kuwa wenye ardhi hawakushirikishwa ipasavyo. Moja yao ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya malisho. Mnunuzi wa kaboni hukimbia kesi. Kijiji kinachoruka baraza ili kuwahi soko kinaweza kulipoteza soko lenyewe.

Kuhusu viumbe wenyewe, kaboni haitofautishi mkoko na mkandaa, mchu na mkomafi, ila kwa uzito. Shamba la mkoko mtupu lililopandwa kwa mistari linaweza kuandikiwa tani nzuri huku kaa, ndege na samaki wadogo wakikosa ule mchanganyiko wanaouhitaji. Ukichagua kaboni, weka sharti la aina za miti.

Wageni

Pesa ya wageni ni ya haraka na inaonekana. Malindi na Watamu wameijua kabla yetu: hifadhi zao za bahari zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Mfano ninaoupenda zaidi ni daraja la mbao la Mida, hori la mikoko karibu na Watamu. Kiingilio cha mgeni anayetembea juu ya mikoko kuangalia ndege huchangia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi anaona moja kwa moja kwamba msitu ndio uliomsomesha mwanawe. Huko Watamu pia, wavuvi wakinasa kasa kwenye nyavu hupiga simu, kasa huchukuliwa, hupimwa, huvishwa alama na kurudishwa majini, na mvuvi hupewa fidia ndogo ya muda na nyavu zake. Hapo kinachohesabiwa ni kasa mmoja mmoja. Hakuna tani wala makadirio.

Udhaifu wake tunaujua kwa machungu. Utekaji nyara wa wageni wa 2011, shambulio la Mpeketoni Juni 2014, kisha korona mwaka 2020: kila mara vyumba vilibaki vitupu na mabaharia wa mashua za wageni wakakaa gatini. Kasa hawaachi kutaga kwa sababu mabalozi wametoa onyo la safari. Ulinzi unaotegemea kiingilio cha mwezi huu husimama mwezi ujao.

Pia pesa hii hutua pale mgeni anapolala. Inatua Shela, Manda na mjini Amu. Kiunga, ambako fuo za kutagia kasa na hifadhi ya bahari ya tangu 1979 ziko, hupata makombo. Ndau na Kizingitini vivyo hivyo. Mgeni anapiga mbizi kutazama samaki waliokulia kwenye vijito vya kijiji ambacho hatakisikia jina lake.

Na kuna suala la ufuo. Pwani yetu imeona mara nyingi njia ya mvuvi ya kwenda majini ikizibwa na ukuta baada ya kiwanja kuuzwa. Mwenye hoteli akitaka ufuo wa kasa, akubali kuandika njia ya wavuvi na mahali pa kuegesha vyombo, kwa vipimo, katika hati ile ile.

Biashara

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na nitasema sababu.

Mwaka 1993, Gede, ulianza mradi wa Kipepeo. Wakati huo wakulima wengi wa kandokando ya Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Tembo na nyani waliwamalizia mahindi na msitu haukuwapa kitu. Mradi ukawafundisha kufuga vipepeo: kukamata wachache msituni, kuwapandia miti wanayoila viwavi, kukusanya pupa kabla hawajatoka mbawa, na kuwauza kupitia kituo cha Gede kwa nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Ruzuku ilianzisha; mnunuzi ndiye aliyeendeleza. Mfugaji anahitaji kurudi msituni kila mara kupata mbegu mpya ya vipepeo, kwa hiyo msitu ukiisha biashara imekufa. Hakuna haja ya askari kumkumbusha.

Baharini mfano ni pweza. Huko Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, wavuvi walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa mwaka 2004. Pweza hukua upesi mno, hivyo mwamba ulipofunguliwa waliwapata wazito, na kampuni iliyokuwa ikiwanunua ilikuwa na sababu ya kuunga mkono kufungwa tena. Watu wa Pate wameufuata mtindo huo. Kina mama wanaovua kwa mtaimbo bamvuani wanauelewa vizuri kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu wao ndio wanaoshika pweza wa robo kilo mwezi huu na wanajua angekuwa na uzito gani wakimwacha.

Faida yake kubwa ni kwamba uamuzi unabaki kijijini. Kamati inafunga, kamati inafungua. Mnunuzi akidanganya bei, mwambao una wanunuzi wengine. Hakuna mkataba wa miaka 20, na jambo likienda vibaya hasara ni ya msimu mmoja.

Hatari ipo. Bei ikipanda kabla ya sheria ya kufunga kushika, biashara itakula mtaji wake. Majongoo bahari yalikwenda hivyo: soko la Asia lilipoyataka, wazamiaji waliyafuata hadi vilindini, na sehemu nyingi za mwambao yamekuwa ya kutafuta. Hatari ya pili ni tajiri yule yule wa zamani. Mvuvi mwenye deni la nyavu hawezi kukubali kufunga mwamba, kwani deni halifungwi. Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza ya mnunuzi isiende kwenye semina wala fulana. Ilipie mtambo wa barafu na mfuko wa mikopo wa kikundi utakaowatoa watu kwenye deni. Samaki akikaa kwenye barafu siku mbili, mvuvi anaweza kusubiri bei. Na vikundi vya kina mama, kama wa Mtangawanda wanaopanda mikoko, vinaweza kuandika katika masharti yao ya mkopo kwamba mwanachama ashiriki kupanda na kulinda.

Kuna pesa nyingine zitakazotajwa mkutanoni. Hati za bayoanuwai, zinazouza ongezeko la viumbe badala ya kaboni, soko lake bado ni changa. Kijiji kisiwe cha kwanza kufanyiwa majaribio. Hati fungani, yaani mikopo inayochukuliwa kwa wawekezaji, kama ile ya bahari ya Ushelisheli ya dola milioni 15 mwaka 2018, au ya vifaru weusi ya Benki ya Dunia ya dola milioni 150 mwaka 2022 huko Afrika Kusini, ni mambo ya nchi na mabenki. Kamati ya kijiji haina pa kuzishikia.

Pesa isiyopiga hodi

Ulinganisho huu ungekuwa na kasoro kubwa bila pesa ya nne, ile inayobomoa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba pesa binafsi zinazoharibu maumbile moja kwa moja ni dola trilioni 5 kwa mwaka. Pesa binafsi zinazokwenda kwenye kulinda na kurejesha maumbile zilikuwa dola bilioni 35. Ya kwanza ni mara 140 ya pili.

Lamu imeiona kwa macho. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilikusudiwa kujengwa Kwasasi. Watu wa Lamu walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kusikiliza rufaa za mazingira (NET) likafuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki ya Kichina ya ICBC, iliyotarajiwa kukikopesha, ikajitoa. Hakuna hati ya kaboni iliyouzwa kwa ushindi ule, lakini sioni mradi wowote wa mikoko hapa Lamu ulioikingia bahari yetu hatari kubwa kuliko hiyo. Vilevile mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu.

Hili linaingia kwenye uchaguzi wetu hivi: usisaini mkataba wa mazingira, uwe wa kaboni, wa hoteli au wa pweza, wenye kifungu kinachokuzuia kupinga mradi mwingine au kwenda mahakamani. Haki hiyo ina thamani kuliko malipo yoyote ya mwaka.

Ningechagua vipi

Kijiji cha upande wa mwamba, kinachoishi kwa pweza na kamba, kama vile Kizingitini, Ndau au Kiunga, kianze na biashara na kisiifikirie kaboni kwa sasa. Pesa italingana na kazi wanayoifanya tayari, na matokeo yataonekana baada ya msimu wa kwanza wa kufungwa.

Shela na Manda wana wageni, watumie wageni. Ila sehemu ya kiingilio, kwa asilimia iliyoandikwa, ivuke maji iende kulipia walinzi wa fuo za Kiunga na vijito vya Pate, na sehemu nyingine iwekwe akiba kwa mwaka ambao wageni hawatakuja.

Kijiji chenye mikoko mingi na ukataji wa kweli ndicho kinachoweza kunufaika na kaboni, baada ya chama cha msitu kupata makubaliano yake na KFS na baada ya wakataji kupata njia ya pili inayolipa. Njia hiyo ya pili itatoka kwenye biashara: kaa wa kunenepesha, nyuki wa mikokoni, samaki wenye barafu. Kwa hiyo hata hapo biashara inatangulia, na kaboni inafuata mwaka wa pili au wa tatu kulipia maji na madarasa.

Na mkataba wowote usomwe barazani kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kina mama wakiwepo na wakataji wakiwepo, kisha watu wapewe angalau mwezi mzima wa kuuzungumza majumbani na misikitini kabla ya saini. Anayekuja kwa ajili ya miaka 20 atauweza mwezi mmoja.